Kikombe cha saa mbili usiku: mimea ya kutuliza mawazo kwa mkaaji wa Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni wachache wanaosema wana msongo wa mawazo. Mtu husema "niko na mawazo mingi", au "moyo unanidunda", au "kichwa kimejaa". Anayemsikia anaelewa mara moja, na kabla ya kumtaja daktari anataja jani: "Ujaribu mchaichai, mama." Tangu vita ilipoingia mjini Februari 2025, benki zikafungwa na kazi za wengi zikasimama, ushauri huo nimeusikia sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji. Mimi mwenyewe nimeutoa mara nyingi.

Shida ni kwamba tunapeana jina la mmea bila kupeana namna ya kuutumia. Kiasi gani? Saa ngapi? Nani asiuguse? Dalili zipi zinasema sasa weka majani chini, uende hospitali? Haya ndiyo ninayoyaeleza hapa, jinsi nilivyoyapokea kwa koko yangu, yaani mzazi wa mzazi wangu, aliyekuwa na bustani yake mtelemkoni Kadutu, na jinsi nilivyoyasahihisha mwenyewe kwa kusoma na kwa kuuliza waganga wa nyumbani na wa hospitali pia. Kuna mambo ambayo koko alikosea. Nitayasema.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mawazo kweli

Moyo kudunda na kukosa usingizi vina chanzo zaidi ya kimoja. Malaria inayojificha huleta kichwa na uchovu. Upungufu wa damu hufanya moyo ukimbie hata ukipanda ngazi chache tu, na katika mji huu wa milima nani asiyepanda? Shinikizo la damu linaweza kukaa mwilini miaka bila kelele. Ipo pia tezi ya shingo: inapofanya kazi kupita kiasi, mtu hukonda huku anakula vizuri, hutoka jasho, mikono hutetemeka, moyo hukimbia, na majirani wote husema ni mawazo. Kwetu Kivu shingo zilizovimba si jambo geni, kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa na watafiti miaka mingi kwa ajili ya ugonjwa huo, na labda ndiyo maana tumezoea kuzitazama bila kushtuka.

Kwa hiyo, kabla ya jani la kwanza, nenda kituo cha afya mara moja. Omba wakupime presha, damu na malaria, na wakuguse shingo. Kama una ujauzito, au unahisi unaweza kuwa nao, sema hapo hapo. Ukiambiwa mwili hauna kasoro na bado usingizi haupatikani, rudi nyumbani, tuendelee.

Hatua ya pili: ondoa kinachokuamsha

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haina harufu nzuri. Kivu ni nchi ya kahawa na ya chai, nasi tunazinywa mpaka usiku. Kafeini haitoki mwilini haraka: baada ya muda wa saa tano hivi, karibu nusu yake bado imo. Ukinywa kahawa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku ni kama umekunywa nusu kikombe ukiwa tayari kitandani. Hakuna mchaichai utakaoshindana na hilo. Kikombe cha mwisho cha kahawa au chai ya majani meusi kiwe saa nane mchana, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu uviache kabisa kwa wiki mbili hizi.

Pombe nayo. Najua wengi wanaolala kwa msaada wa kasiksi, pombe ya ndizi, na wengine kwa kanyanga, pombe kali ya kutonesha. Pombe hulaza haraka kisha huamsha saa nane za usiku, kinywa kikavu na moyo mbio, na hapo mawazo hukukuta peke yako. Kanyanga ina hatari nyingine juu ya hiyo, kwa kuwa hujui ilivyotoneshwa wala kilichomo. Na kitu kimoja usikifanye kamwe: kuchanganya pombe na dawa ya usingizi, iwe kidonge cha farmasi au mmea.

Hatua ya tatu: chagua mmea mmoja

Mmoja tu. Ukichanganya minne hutajua uliokusaidia wala uliokudhuru.

Mimi huanza na mchaichai, kwa sababu unapatikana kila mahali Bukavu, una historia ndefu ya kunywewa, na ni mpole. Wataalamu wanauita Cymbopogon citratus. Uutambue kwa mkono kwanza: jani ni refu na jembamba, kingo zake zina meno madogo yasiyoonekana lakini yanayokata kidole ukivuta kwa kurudi nyuma. Koko hakukubali fungu la mchaichai bila kulipima. Alikunja jani moja mara tatu, akalisugua kwa viganja mpaka vikalowa kidogo, kisha akatuambia sisi watoto tufumbe macho tunuse. Tukisema "ndimu", linaingia sufuriani. Tukisita, linaenda kwa mbuzi. Sikujua wakati huo alikuwa anatufundisha jambo la maana sana: kwenye miteremko ya mji huu, watu wamepanda pia nyasi nyingine za kuzuia udongo usiporomoke, na kwa mbali zinafanana kabisa na mchaichai. Ila majani yake hayanuki ndimu. Pua ndiyo inayotofautisha.

Sasa ukweli ambao koko hakuupata. Mwaka 1986 watafiti wa Brazili, nchi ambayo watu wake hunywa mchaichai kwa ajili ya wasiwasi na usingizi kama sisi, waliupima mmea huu kwa watu. Waliwapa wengine chai ya mchaichai na wengine chai ya kitu kisicho na dawa. Hawakuona tofauti, si kwa usingizi wala kwa wasiwasi, na hawakuona sumu pia. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilihuzunika, kama mtu aliyeambiwa jambo baya juu ya mzazi wake. Baadaye nikafikiri upya. Koko hakutupa jani pekee. Alitupa kinywaji cha moto kisicho na kafeini, saa ile ile kila usiku, taa ikiwa imepunguzwa, watu wameketi, hakuna anayezungumzia deni. Ukinywa mchaichai umesimama mlangoni, simu mkononi, hutapata alichokuwa anatupa. Kwa sababu hiyo sehemu ya mwongozo huu inahusu namna ya kukaa na kikombe.

Wa pili ni kamomile, ile yenye maua madogo meupe yenye kitovu cha njano. Kwetu si mmea wa asili. Hupatikana imekaushwa katika vifuko, kwenye maduka makubwa na baadhi ya farmasi. Lakini katika mimea yote ya chai ninayoijua, huu ndio ulio na ushahidi wa kutia moyo. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kiliwapima watu 57 wenye ugonjwa wa wasiwasi kwa muda wa wiki nane. Waliopewa kamomile walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Nafuu ilikuwa ya kiasi, na zilikuwa kapsuli zenye kipimo maalum, si chai. Usisome zaidi ya hapo. Kama una mzio wa vumbi la maua ya jamii ya alizeti, usiinywe.

Majani ya mchungwa hutumika pia, hasa kwa mwenye tumbo linalosokota akiwa na wasiwasi. Majani matano mabichi, laini, kwa nusu lita. Uwe na hakika mti haukupuliziwa dawa ya wadudu karibuni; kama si mti wako, muulize mwenyewe. Nanaa inafaa kwa tumbo vilevile, ila mwenye kiungulia atajuta.

Kivumbasi, ambacho wengine hapa wanakiita lumbalumba kwa jina la Lingala, mimi sikinywi kwa ajili ya mawazo. Nakitumia kwa miguu: mikono miwili ya majani katika beseni ya maji moto kiasi cha kuvumilika, miguu ndani mpaka maji yapoe. Mtu aliyetembea toka Essence mpaka Panzi na mzigo kichwani atanielewa. Usiweke mtoto juu ya beseni ya mvuke chini ya blanketi, hata kidogo. Maji ya moto yameunguza watoto wengi kwa njia hiyo.

Na marakuja, yaani pasheni? Nimeulizwa mara nyingi, kwa sababu watu wamesikia kwamba ua lake ni dawa ya wasiwasi. Ni kweli kwamba kuna Passiflora iliyopimwa na kuonyesha faida, lakini ni Passiflora incarnata, ndugu wa marakuja yetu, na ndugu si mtu yule yule. Marakuja tunayokula, Passiflora edulis, ina kemikali zinazotoa sianidi katika majani na katika tunda bichi. Kula tunda lililoiva, furahia, majani yaache kwenye mti.

Mululuza ni mmea wa kuheshimika, lakini uchungu wake watu huutafuta kwa tumbo na kwa homa. Usiutie humu.

Hatua ya nne: pata jani safi

Mji wetu umepanda juu ya mji wenyewe. Nyumba iko chini ya choo cha jirani, choo kiko chini ya nyumba nyingine, na mvua ikinyesha kila kitu kinatelemka pamoja kuelekea ziwani. Mchaichai unaoota kando ya mtaro unakua haraka na una kijani cha kupendeza. Usiuchume. Chuma palipo juu ya vyoo na mbali na barabara, au panda wako mwenyewe.

Ukinunua sokoni, Kadutu au Nyawera, nunua majani mazima yaliyofungwa fungu, siyo unga. Jani zima unaweza kulitambua. Unga ni neno la muuzaji tu. Niliwahi kuuliza mama mmoja kuhusu chupa ya unga wa kahawia: "Mama, hii imetoka mti gani?" Akanijibu kwa upole, "Ni dawa ya mawazo, binti yangu, unywe tu, utalala kama mtoto." Hakuwa mwongo, naamini. Yeye pia alipewa hivyo. Lakini kitu ambacho anayeuza hajui jina lake, anayenunua hawezi kujua kipimo chake.

Osha majani mara tatu kwa maji safi, ukiyapangusa kwa vidole toka shina kwenda ncha ili usijikate. Ukitaka kukausha, yatandaze juu ya ungo kivulini, mahali penye upepo, uyageuze kila siku. Jua kali huondoa harufu, na harufu ndiyo unayoitaka. Yakikatika kwa mlio ukiyavunja, yamekauka. Yakiwa na madoa meusi au harufu ya ukungu, yatupe bila huruma. Wakati wa mvua, toka Septemba mpaka Mei, hilo hutokea sana.

Hatua ya tano: pika kwa kipimo kimoja

Chemsha nusu lita ya maji mpaka yatokote sawasawa. Usikubali maji ya vuguvugu kwa sababu makaa yamekwisha. Kipindupindu kinarudi hapa mara kwa mara na chai ya dawa haipaswi kuwa mlango wake. Wakati maji yanachemka, kata majani matatu au manne ya mchaichai vipande vya urefu wa kidole. Kama yamekauka, kijiko kimoja cha chakula kinatosha kikombe kimoja.

Ondoa sufuria kwenye mbabula, yaani jiko la makaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachemsha majani robo saa, nyumba nzima inanukia, jirani anasifu, na kilichonukia kimekwisha toka ndani ya sufuria. Tia majani moto ukiwa umezimwa, funika na kifuniko kinachokaa vizuri, subiri dakika kumi. Ukifunua utaona matone yamejikusanya chini ya kifuniko. Yatikise yarudi ndani, ndiyo yenye harufu yenyewe. Chuja.

Sukari kidogo au hakuna. Asali inafaa kwa mkubwa, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kwa sababu yoyote. Usiweke maziwa, usiweke majani ya chai ya kawaida "kwa rangi", kwa maana umerudisha kafeini uliyoifukuza.

Kikombe kimoja kwa usiku. Kinachobaki kwenye termosi ni cha mwingine wa nyumbani, au cha asubuhi, na baada ya hapo kinamwagwa.

Hatua ya sita: saa na kiti

Saa mbili usiku ni nzuri kwa wengi. Ukinywa saa nne utaamka kwenda choo, na kwenye nyumba zetu ambazo choo kiko nje, kutoka usiku ni mawazo mapya. Chagua saa moja, uishike kila siku, hata umeme ukiwa umekatika. Hasa umeme ukiwa umekatika, kwa kweli, kwa sababu giza husaidia usingizi kama hulijazi mwanga wa simu.

Weka simu chumba kingine. Habari za vita na za bei zitakuwepo kesho asubuhi. Keti mahali pamoja na jana. Shika kikombe kwa mikono miwili, kilete karibu na uso, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, uitoe taratibu kwa kinywa ukihesabu mpaka sita, mvuke ukiondoka mbele yako. Fanya hivyo mara kumi kabla ya kunywa. Pumzi inayotoka polepole huupunguzia moyo mbio, na hii haihitaji mmea; kikombe kinakusaidia kukumbuka tu. Chai nayo inapata muda wa kupoa, usiunguze ulimi.

Kama unaishi na wengine, waalike. Koko alikuwa na sheria: wakati wa kikombe hakuna kudai, hakuna kukumbushana kodi ya nyumba. Baba mdogo aliyekuwa mkali kuliko wote alikuja kila usiku kwa ajili ya ile nusu saa tu.

Nani asinywe, au aulize kwanza

Mwenye mimba na anayenyonyesha: kikombe cha mchaichai mwepesi siku moja si balaa, lakini kunywa kila siku kama dawa, hapana, mpaka mkunga au daktari akubali. Kivumbasi na mafuta ya mimea yaliyokolezwa aviache kabisa. Watoto wadogo wasipewe dawa za usingizi za aina yoyote.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande asinywe kamomile bila ruhusa. Anayetumia dawa za presha au za kisukari amwambie muuguzi anachokunywa na apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Anayetumia diazepam au kidonge kingine cha usingizi asiongeze mzizi wa valeriani, ambao baadhi ya farmasi zinauuza. Vyote viwili vinalaza, na pamoja vinaweza kulaza kupita kiasi. Motari, dereva na anayefanya kazi kwa mashine wasitumie valeriani kabla ya kazi.

Kuhusu mmea mmoja natamani kila nyumba isikie. Kuna vidonge vya mmea uitwao milepertui kwa jina la Kifaransa, Hypericum perforatum, vinavyoletwa toka nje kwa ajili ya huzuni na mawazo. Unafanya kazi, na ndiyo hatari yake: unaharakisha ini kuondoa dawa nyingine mwilini. Unadhoofisha dawa nyingi za kupunguza makali ya VVU, vidonge vya kupanga uzazi, dawa za moyo na nyinginezo. Mtu anaendelea kumeza dawa zake kila siku bila kukosa, na kumbe haziko tena mwilini kwa kiasi kinachotosha. Ukiwa kwenye dawa hizo, usiguse. Na ile Hypericum ya maua ya njano inayoota juu kwenye mlima Kahuzi ni ya jamii hiyo, siyo mmea wenyewe. Iko ndani ya hifadhi, iache ilipo.

Mimea ya kukataa hata ukipewa bure

Tembea Nguba au Muhungu utaona kwenye nyua maua makubwa, meupe au ya rangi ya chungwa, yanayoning'inia kama tarumbeta na kunukia sana jioni. Watu hunong'ona kwamba ua moja kwenye chai hulaza. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo baada ya kumpoteza mwanawe. Tulimkuta usiku ameketi kitandani, mboni za macho zimefunguka mpaka rangi ya jicho haionekani, ngozi ya moto na kavu, midomo imekauka, anazungumza na watu wasiokuwepo chumbani na anaokota vitu visivyokuwepo juu ya shuka. Tulimbeba mpaka hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku mbili zile hazikumbuki. Ua hilo ni Brugmansia, na mnanaha, yaani Datura, ni jamaa yake wa karibu: yote mawili yana atropini na skopolamini. Kiasi hutofautiana ua na ua, hakuna mganga anayeweza kukupimia kwa jicho. Ukiona dalili hizo kwa mtu, usimpe maziwa wala usimtapishe; mpeleke hospitali na ubebe tawi la mmea mkononi ili wajue wanapambana na nini.

Bangi nayo watu huisifu. Kwa baadhi huongeza wasiwasi na kuleta kusikia sauti, hasa kwa vijana, na sheria hairuhusu. Siishauri.

Daftari la wiki mbili

Chukua daftari la shule, andika kila asubuhi mambo manne: saa uliyokunywa, saa uliyolala kwa kukisia, mara ngapi umeamka, na moyo ulikuwaje jana. Maneno machache tu, "nimeamka mara mbili, mtoto alilia" inatosha. Usibadilishe mmea katikati. Baada ya siku kumi na nne soma kurasa zote kwa pamoja. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba usiku wangu mbaya ulifuata siku za soko, ambapo nilikuwa nakunywa chai ya mama wa kibanda saa kumi na mbili jioni bila kuihesabu.

Ukiona nafuu, endelea, na mara moja moja pumzika wiki moja. Usipoona kitu, usiongeze vikombe kuwa vitatu. Umejaribu kwa haki, sasa tafuta msaada mwingine.

Majani yanapoishia

Kuna mawazo ambayo si ya kikombe. Ukiona tena na tena tukio la vita kama linatokea sasa, ukiruka kwa kila mlango unaofungwa, ukikaa wiki bila kutaka kula wala kuoga, ukisikia sauti, au ukianza kufikiri kwamba afadhali usingekuwepo: usisubiri wiki mbili, na usibaki peke yako usiku huo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akae nawe, kisha mwende pamoja. Hapa Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na hospitali ya Panzi ina watu waliozoea kusikiliza waliojeruhiwa na vita. Kwenda huko si kuwa wazimu. Aliyevunjika mguu hatumwambii anywe mchaichai, na moyo nao una mifupa yake.

Ukifika, taja kila jani unalokunywa. Wengi wetu tunaficha, tukiogopa kukemewa. Sema jina unalolijua hata kama ni la Kimashi, na ukiweza beba kipande. Daktari mzuri atashukuru.

Kupanda wako

Mchaichai haupandwi kwa mbegu. Omba shina moja kwa mwenye kichaka, ling'oe toka chini likiwa na mizizi kidogo, ukate majani ubakize urefu wa kiganja. Wakati mzuri ni mvua za kwanza za Septemba. Usipokuwa na kiwanja, kata bidon ya lita ishirini katikati, toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Lakini iwe bidon ya mafuta ya kula, siyo iliyobeba dawa za shamba. Ukipanda mengi mtelemkoni, acha hatua moja fupi kati ya shina na shina, kwa kufuata upana wa mlima, nayo yatakushikia udongo.

Subiri miezi minne hivi kabla ya kukata mara ya kwanza. Kata juu ya ardhi kwa upana wa kiganja, majani ya nje kwanza, ya katikati yaendelee. Baada ya miaka miwili kichaka kitajibana na majani yatakuwa membamba. King'oe chote siku ya mvua, ukigawe kwa mikono, urudishe machache. Yanayobaki yafunge kwenye kitambaa kilicholowa, yatakaa siku mbili bila kufa, na hiyo inatosha kuyafikisha Bagira kwa jirani wa zamani aliyekupigia simu kukuambia halali.